Maigizo ya jukwaani kwa bei nafuu Dodoma, ukiwa na vijana: uzoefu wangu

Nyumbani nina vijana wawili: mwanangu wa kiume ana miaka 16, na binti wa kaka yangu, ninayekaa naye, ana 14. Ukiwaambia watu wa umri huu "jiandaeni, Jumamosi tunaenda kuangalia igizo," wanakutazama kama umewaambia wanapelekwa kuchanjwa. Mambo ya watoto hawayataki tena, na mambo ya wakubwa mimi sitaki wayaone. Katikati hapo ndipo natafuta onesho, tena kwa kiingilio ambacho hakitanifanya nikope wiki inayofuata.

Dodoma hii sijapata ukumbi wenye ratiba ya maigizo ya kila wiki. Serikali ilipohamia huku kumbi ziliongezeka kweli, lakini nyingi ni za semina, harusi na send-off. Taarifa za maigizo unazipata kwenye status za watu, kwenye makundi ya wazazi, au unaona bango limebandikwa kwenye nguzo njia ya Sabasaba. Vijana wenye ujuzi wapo, maana Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanafundisha sanaa za maonesho na filamu. Kinachosumbua ni kujua wanaigiza wapi na lini. Kwa hiyo haya ni yale tuliyoyaona sisi.

Lililonipa thamani ya pesa yangu kuliko yote ni Ngoswe, tamthiliya ya Edwin Semzaba, iliyochezwa na kikundi cha vijana kwenye bwalo la shule moja ya sekondari. Mwanafunzi elfu tatu, mkubwa elfu tano. Viti vya plastiki. Jukwaa lilikuwa meza za kulia chakula zilizounganishwa na kutandikwa zulia la kijani, na pazia ni shuka mbili zenye rangi tofauti. Meza ya pili kutoka kushoto ilikuwa mbovu. Mzee Mitomingi, mmoja wa wahusika, alipoikanyaga mara ya kwanza ililia ukumbi mzima ukasikia, na kuanzia hapo kila mwigizaji akawa anairuka, hadi wale waliotakiwa kuwa walevi. Watu tulicheka hadi machozi, na hakuna aliyeona kwamba igizo limeharibika.

Wenye watoto sekondari wanaijua hadithi: Ngoswe ni karani wa sensa, anafika kijijini kuhesabu watu, anaanza mapenzi na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi aliyempokea, na mwisho makaratasi ya sensa yanateketea kwa moto. Mwanangu alikuwa ameikariri kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, basi. Sasa huyu Ngoswe wa bwaloni aliingia amevaa kizibao kama cha makarani waliotupitia majumbani Agosti 2022. Mzee akamkagua juu hadi chini, akasema, "Juzi mmeniuliza mpaka choo changu cha shimo, leo mnataka nini tena?" Mwanangu akaninong'oneza kwa hasira, "Mama, hiyo haimo kwenye kitabu!" Baada ya dakika kumi alikuwa ameacha kuwasahihisha, simu imerudi mfukoni, ameinama mbele viwiko vikiwa juu ya magoti.

Kwenye daladala ya kurudi walibishana njia nzima nani alaumiwe. Kijana anasema Mazoea alijitakia mwenyewe. Binti akamjibu, "Karani ametumwa kuhesabu watu wote, yeye ameishia kwa mmoja." Abiria wa kiti cha mbele akageuka kumpa mkono.

Kuna kitu kimoja niliona bwaloni ambacho sasa nakiangalia kabla hata ya bei. Hapakuwa na maiki hata moja, lakini kila neno tulilisikia. Waigizaji walikuwa wamezoea kupaza sauti, ukumbi mdogo, watu wamekaa karibu. (Bwalo lile lina bati bila dari, na tulienda kiangazi. Mvua ya Januari ingewamaliza.) Nimeshaona vijana wangu wakivumilia kiti kibovu, joto, na hata igizo lenyewe likiwa la kawaida tu. Wasichovumilia ni kutosikia. Wakipoteza maneno matatu mfululizo wanafungua simu, na hapo umeshawapoteza kwa usiku mzima.

Ubaya wake? Walichelewa kuanza, na katikati waliingiza nyimbo nyingi mno ambazo hazikuhusiana na lolote. Bado ningelipa tena.

Tangu siku ile nikisikia kikundi kinacheza kitabu cha shule, nauliza haraka. Zaidi ya Ngoswe kuna Kilio Chetu na Orodha, ambazo wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamezisoma miaka mingi. Ni fupi, na kijana anaingia akiwa na hadithi kichwani, hivyo anachoangalia ni wameichezaje. Ila hizo mbili zinagusa UKIMWI na mahusiano ya vijana waziwazi. Orodha ni habari ya Furaha, binti anayefariki na kuacha barua. Kama wewe na watoto wako hamjawahi kuzungumza mambo hayo, jueni tu kwamba njiani kurudi mtayazungumza. Kwangu hiyo ni faida. Shemeji yangu hakubaliani nami.

Sasa vichekesho. Hivi ndivyo vinavyotangazwa sana mjini na ndivyo vijana wanavyovitaka. Tulienda usiku mmoja kwenye ukumbi wa harusi, kiingilio elfu kumi kawaida, na meza za mbele bei nyingine. Bango lilisema saa 12 jioni. Mtu wa kwanza alishika maiki saa 2 imepita. Sisi wa kawaida tulikaa nyuma ya meza za VIP, na kwa kuwa jukwaa ni lile la maharusi, lisilofika hata magotini, tuliona migongo ya watu na chupa. Spika zilikuwa kubwa, lakini ukumbi una mwangwi: mbele wanacheka, sisi tunaulizana kasema nini.

Wawili wa kwanza, nilipowasikia, walikuwa wazuri. Mambo ya wenye nyumba, mambo ya watumishi waliohamishwa kutoka Dar na bado wanalalamikia upepo na vumbi la hapa. Halafu saa zikasogea na lugha nayo ikasogea. Binti anaangalia sakafu, mimi namwangalia binti, kijana anajifanya anasoma ujumbe. Mchana nilikuwa nimempigia mwandaaji kumuuliza kama onesho linawafaa vijana wa shule, naye akanijibu, "Hata watoto wanakuja, mama, usiwe na wasiwasi." Nchi hii ina sheria ya mwaka 1976 inayoweka filamu na michezo ya kuigiza pamoja, lakini sijaona bango la vichekesho hapa mjini lililoandika umri. Tulitoka kabla ya mwisho, daladala zimeisha, na bajaji ya kurudi Ipagala ikala karibu tiketi nzima ya mtu mmoja. Onesho la usiku lihesabie na usafiri wake.

Cha tatu si igizo hasa, lakini nakiweka kwenye kundi hilohilo. Ni Tamasha la Muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, linalofanyika Chamwino, hapahapa mkoani Dodoma. Vikundi vinatoka vijijini na mavazi yao, njuga miguuni, vinaingia uwanjani kimoja baada ya kingine. Pesa yetu iliishia kwenye nauli, maji na mihogo. Saa ya kwanza nilisikia manung'uniko tu: jua, vumbi, hakuna mtandao. Kisha wakaingia akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamezibana katikati ya mapaja, mikono inakwenda kasi hadi vidole huvioni. Mwanangu, anayejiona anajua kutengeneza midundo kwenye simu, alisogea mpaka akawa amesimama hatua chache kutoka kwao. Alikuwa anajaribu kuhesabu, akashindwa, akaanza upya. Baadaye ndipo alipouliza habari za zeze, nikamwambia amtafute Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hapahapa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliyerekodi mpaka na kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Sasa anamsikiliza kwa hiari yake. Mimi nilijaribu kwa miaka na marimba ya babu yake sikufanikiwa.

Tahadhari ya Chamwino: hakuna kukaa kwa raha. Nenda na kofia, nenda na kanga ya kutandika, na kama una kijana asiyependa kusimama, nendeni mchana muondoke jua likipungua, msitake kumaliza yote.

Watu wananiuliza kuhusu Bagamoyo, kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, kwa kuwa kule kuna ukumbi wa maonesho wa kweli na wasanii wanaolelewa kwa kazi hiyo. Nalitamani. Lakini piga hesabu: treni ya umeme ilipofika huku mwaka 2024, nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, na punguzo la watoto linaishia miaka 12, kwa hiyo vijana wangu wote wawili ni watu wazima kwa mkata tiketi. Watatu, kwenda na kurudi, ni 186,000 kabla hujafika Bagamoyo wala kulala popote. Kwa pesa hiyo tungeingia kwenye lile bwalo la Ngoswe zaidi ya mara kumi na tano. Tutaenda mwaka ambao tuna harusi Pwani, tuunganishe safari.