Kuzuia maji mlangoni Dodoma: ununue kipi kwanza kabla ya Msimu

Mvua ya Dodoma ni chache, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, ila hunyesha kwa fujo. Korongo lililokauka tangu Mei hujaa ghafla, na kesho yake limebaki mchanga. Ndiyo maana katika orodha hii tumeshusha daraja kila kitu kinachomtaka mtu awepo nyumbani wakati maji yanakuja. Msimu wa mvua huanza Novemba. Nunua Oktoba, mafundi hawajabanwa.

1. Kizingiti cha kudumu. Kinafanya kazi hata ukiwa kazini. Kwa mlango wa futi 3, tofali mbili za nchi 6 zilizolazwa zinakupa kinga ya sentimita 15. Pima kwanza grili inafungukia upande gani, maana ikifungukia nje itagonga tofali. Kinachoharibu kazi hii ni fundi kujenga juu ya sakafu laini ya niru: saruji haishiki, maji yanapenya chini. Aichimbue mpaka iwe na mikwaruzo, ailoweshe, achanganye saruji 1 kwa mchanga 3, kisha imwagiwe maji siku 7.

2. Viroba vya mchanga. Rahisi na vinahamishika. Chukua vya kilo 25, si 50. Vikubwa vikijaa havibebeki. Jaza nusu tu, kama robo tatu ya ndoo ya lita 20. Kilichojaa hadi shingoni hakilali, kinaacha mianya. Ukuta wa urefu wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 30 unakula viroba 18: safu ya chini mistari mitatu, ya kati miwili, ya juu mmoja, viungo vikipishana kama tofali. Mdomo ukunjiwe chini. Upande wa maji tandika nailoni nzito, ile inayowekwa chini ya jamvi la zege. Vihifadhi kivulini, jua la hapa huchana salfeti kabla mvua haijafika.

Ziba na tundu la bafuni pia, maana maji hurudi kupitia humo.

Nyumba ya tofali mbichi au tembe isizungushiwe viroba ukutani, kwani maji yakisimama hapo kitako cha ukuta kinalainika. Hela hiyo ichimbe mtaro wa kuyakatisha maji upande wa mlimani. Na kwa walio kando ya mto Kinyasungwe, kama Gulwe ambako reli yenyewe husombwa, hakuna cha kununua: ni kuhama mapema. Popote pale, maji yakizidi nusu mita ukutani, zima swichi kuu kama pale ilipo pamekauka, toka, piga 114.

3. Ubao na nailoni mlangoni. Ni wa dharura tu; huvuja pembeni.

4. Pampu. Ya mwisho. Maji ya korongo yana mchanga, unaotafuna pangaboi ya ndani, na ukivuta wakati nje bado kumejaa yanarudi yaleyale. Ukiinunua, chagua ya maji ya tope, na injini ya petroli ikae nje, moshi wake unaua. Kwa chumba kimoja, skwiza na ndoo mbili zinatosha.