Racheti fupi ya sehemu finyu: acha kuhesabu meno, angalia inavyorudi

Lalamiko linalosikika mara nyingi kuhusu racheti fupi, yaani mpini wa kuzungushia soketi unaodaka upande mmoja na kurudi upande wa pili, ni hili: bolti ilikuwa imekaza, ikalegezwa vizuri, kisha ikagoma kutoka. Mkono ukienda upande wa kufungua, bolti inafunguka kidogo. Mkono ukirudi, bolti inarudi nao. Fundi anapiga tiki-tiki dakika tano nzima nyuma ya altaneta, akimulika tochi anakuta hesi (mizunguko ya bolti) zilezile bado ziko ndani. Akirudi dukani anajibiwa kwamba racheti ni nzima, ina meno 72, tena ni chuma kigumu cha kromu vanadiamu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalogusa tatizo lake.

Tatizo ni uzito wa kurudi. Ndani ya kichwa cha racheti kuna gia yenye meno, na ulimi mdogo unaosukumwa na springi uingie kwenye meno hayo. Ukivuta upande wa kazi, ulimi unadaka. Ukirudisha mpini, ulimi unalazimika kupanda kila jino na kuibana springi, ndiyo ile sauti ya tiki. Kupanda huko kunaleta msuguano, na msuguano unapita kwenye mraba (kile kichwa cha pembe nne kinachovishwa soketi), ukaingia kwenye soketi, ukafika kwenye bolti. Bolti ikiwa bado imeshikwa na hesi zake kwa nguvu kuliko msuguano huo, itabaki mahali pake na racheti itarudi peke yake. Ikilegea zaidi ya hapo, inafuata mpini.

Kwenye nafasi ya wazi hili halimsumbui mtu: unaishika soketi kwa vidole viwili, mpini unarudi, maisha yanaendelea. Lakini racheti fupi inanunuliwa kwa ajili ya mahali ambapo vidole viwili haviingii. Injini ya Hiace nyingi iko chini ya viti vya mbele. Ukifunua kiti unaiona bolti, mkono mmoja unafika, wa pili haufiki. Hapo ndipo racheti yenye springi ngumu inapokuumbua.

Sasa hayo meno wanayoyatangaza. Meno 36 maana yake kila jino ni digrii 10, meno 72 ni digrii 5, na 120 ni digrii 3. Kwa mpini wa milimita 100, ncha yake inatembea kama milimita 17 kwa meno 36, karibu 9 kwa meno 72, na 5 kwa 120. Ukiishia hapo, meno mengi yanashinda. Lakini soketi haikai kwenye bolti bila mwanya, na mraba haukai kwenye soketi bila mwanya. Chomeka soketi namba 10 (ya milimita 10) kwenye bolti iliyokaza, kisha tikisa mpini mbele na nyuma kabla haijadaka: kwa soketi iliyochakaa utapoteza digrii tatu, nne au zaidi. Zijumlishe kila unaporudi. Kama mwanya ni digrii nne, racheti ya meno 72 inahitaji digrii tisa na ile ya 120 inahitaji saba. Kwa tofauti ya digrii mbili unatozwa bei ya juu, na kama springi yake ni nzito, bolti itarudi nazo zote saba.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza dukani si meno. Kuna majaribio mawili, na hakuna linalohitaji gari. La kwanza: shika mraba kwa vidole, mpini ukiwa umelala sambamba na sakafu, swichi ya kugeuza upande ikiwa upande unaoruhusu mpini kushuka. Uachie mpini. Racheti nyepesi itaanguka kwa uzito wake wenyewe ikipiga tiki. Racheti nzito itabaki imenyooka hewani kama mkono wa askari wa barabarani. Mpini mfupi sana ni mwepesi, kwa hiyo usiihukumu racheti ya milimita 90 kwa jaribio hili pekee. La pili linafaa kwa zote: nenda dukani na bolti ya M6 (unene wa milimita 6) yenye nati yake. Ingiza nati hesi mbili tu, shika nati, vika soketi namba 10 kwenye kichwa cha bolti, kisha jaribu kuifungua kwa mkono mmoja bila kugusa soketi. Bolti ikitoka, nunua. Ikicheza mbele na nyuma, rudisha kwenye kabati. Fanya hivyo swichi ikiwa pande zote mbili, maana zipo zilizo laini upande mmoja na nzito upande wa pili.

Ukubwa wa mraba hauhitaji mjadala mrefu. Kwa sehemu finyu ni robo inchi, basi. Inafika bolti za M6, ambazo hukazwa kama 10 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na za M8 za daraja la nguvu 8.8, ambazo ni kama 25 Nm. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3315 kinaitaka robo inchi ivumilie 62 Nm kwenye jaribio, kwa hiyo chuma kinatosha. Kinachokosekana ni urefu wa mpini. Kwa mpini wa milimita 100, hizo 25 Nm zinadai usukume kwa nguvu ya kama kilo 25, na ndani ya tundu la injini hakuna anayesukuma kilo 25 kwa ncha za vidole. Legeza kwanza kwa spana ya ringi, kisha racheti ije kuzungusha. Anayevisha bomba kwenye racheti fupi ili kuurefusha mpini anapasua ulimi, halafu anailaumu kampuni.

Kimo kinasahaulika pia. Wengi hupima urefu wa mpini, wakati kinachokwama ni kichwa pamoja na soketi. Kabla hujanunua, pima nafasi iliyo juu ya bolti kwa kipande cha waya: kikunje, kiingize, kitoe, kipime. Kisha dukani vika soketi fupi kwenye racheti upime zote mbili kwa pamoja, tangu mgongo wa kichwa mpaka mdomo wa soketi. Swichi iliyochomoza mgongoni nayo ihesabiwe. Tena angalia kama swichi inaweza kugeuzwa na kidole gumba cha mkono uleule. Ikigusa ukuta wa injini itajigeuza yenyewe katikati ya kazi, na utadhani imeharibika.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni Koken, mfululizo wa Z-EAL wa robo inchi, ile ya meno 36. Ndiyo, 36, na sioni haya kuisema mbele ya wauza meno 120. Imetengenezwa Japani, kichwa ni kidogo, na inarudi kwa wepesi ambao ukishauzoea hutaki tena kitu kingine: bolti iliyobakiza hesi mbili inatoka bila kushikwa. Kasoro yake ni hizo digrii 10. Kama bolti iko mahali ambapo mpini hauna hata milimita 20 za kucheza, hii haifai, chukua inayofuata. Kasoro ya pili ni kuipata: kwa kawaida ni ya kuagiza, na anayekuletea ataongeza chake. Hata hivyo, nikiwa na pesa ya racheti moja tu, ni hii.

Namba mbili ni Wera Zyklop Mini 1, kwa sehemu ambayo hata Koken haifiki. Urefu wake ni milimita 87, meno 60, kwa hiyo digrii 6. Ukweli ambao muuzaji huwa hautaji: tundu lake ni la biti ya pembe sita ya robo inchi, siyo mraba wa soketi. Kwa skrubu za Allen na za nyota ni moto wa kuotea mbali, maana biti inakaa moja kwa moja. Kwa soketi utahitaji adapta, na adapta inakula kimo kilekile ulichokuwa unakitafuta. Ukiwa na kazi nyingi za bolti namba 10 na 12, ambazo Toyota imejaa nazo, usianze na hii.

Namba tatu ni Gearwrench 120XP. Wamepata nafasi 120 kwa kuweka ndimi mbili zinazopokezana kwenye gia moja, badala ya kuchonga meno membamba kama nywele. Wazo zuri, kwa sababu jino linabaki nene. Lakini ndimi mbili ni springi mbili, kwa hiyo lile jaribio la nati usiliruke. Ukipata iliyo laini, inafika mahali ambapo ya meno 36 haiwezi kabisa.

Namba nne ni za Taiwan, King Tony na Toptul. Kwa gereji ya kawaida hizi zinatosha, na si aibu. Ukipima tatu za aina moja kwenye kaunta utachagua iliyo laini kuliko wenzake, halafu uifungue na kuisafisha kama nitakavyoeleza.

Chapa za Ingco, Total na Tolsen zina kazi zao. Kwa sehemu finyu, pima kabla ya kulipa.

Nje ya orodha kuna spana ya ringi yenye racheti, inayotajwa sana kama dawa ya sehemu finyu. Ni nyembamba kuliko racheti na soketi yoyote, na nyingi zina meno 72. Ila chunga ile isiyo na swichi, inayogeuzwa kwa kupinduliwa. Ukiitumia kufungua bolti ndefu iliyo mbele ya ukuta, bolti inatoka, inaisukuma spana kuelekea ukutani, mwisho spana inabanwa kati ya kichwa cha bolti na bodi. Huwezi kuitoa, na huwezi kurudisha bolti ndani kwa sababu spana inafungua tu. Hapo dawa ni koleo kwenye kiuno cha bolti, kama koleo linafika, au kufungua kitu kingine kizima. Nunua yenye swichi, au upime kwanza kama urefu wa bolti unazidi nafasi iliyopo.

Kuhusu kusafisha. Racheti nyingi mpya huja zimejazwa grisi nzito, na asubuhi ya baridi ya Njombe grisi hiyo inakuwa kama nta. Fungua kifuniko, ambacho hushikwa na skrubu mbili ndogo au pete ya klipu. Fanya kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, kwa sababu springi na gololi huruka na hazirudi. Piga picha kabla ya kutoa ulimi. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, kisha paka grisi laini kiasi cha punje ya mchele kwenye meno, na kidogo mgongoni mwa ulimi. Grisi ya beringi usiiguse: ikiwa nzito sana ulimi unachelewa kurudi kwenye jino, racheti inaruka chini ya mzigo na vidole vinaishia kwenye feni ya rejeta. Ukirudisha kifuniko, kaza skrubu taratibu huku unazungusha mraba. Ikianza kuwa nzito umebana gia, legeza kidogo. Kinachokatazwa ni kukata springi ili iwe laini. Itakuwa laini, ndiyo, na siku ya kwanza ya bolti ngumu itateleza.

Lakini kusafisha kote huko kusingekuwa suala kubwa kama mteja angeruhusiwa kupima. Ukizunguka maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, racheti iko ndani ya plastiki iliyobanwa kwa joto, na ukiomba ifunguliwe unaambiwa ukifungua umenunua. Ukiomba ya robo peke yake, unasukumiwa seti ya vipande 46, soketi ambazo nusu yake hutazitumia, na racheti ndani yake ndiyo kitu duni kuliko vyote. Ukiuliza imetengenezwa wapi, unaonyeshwa maneno “teknolojia ya Kijerumani”, ambayo si jina la nchi yoyote. Na ukiirudisha kesho yake kwa sababu inarudi na bolti, unaambiwa kasoro hiyo haipo, mbona inapiga tiki. Muuzaji anayekuwekea racheti tatu kaunta na kukuachia bolti na nati, huyo mpe pesa yako hata akizidisha kidogo. Wapo, wachache, na mara nyingi ni wale ambao wenyewe walianzia gereji.