REUSE: Mkaguzi mzuri wa leseni, mradi ujue anaishia wapi

Kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia REUSE, programu ndogo isiyo na malipo inayotolewa na Free Software Foundation Europe, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila faili ya mradi inataja mwenye hakimiliki na leseni inayoihusu. Naipendekeza kwa yeyote anayesambaza programu yenye msimbo wa watu wengine ndani yake, lakini aitumie akijua vizuri inachokikagua na kile inachokiacha.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mwanzoni mwa kila faili huandikwa mistari miwili ya SPDX, yaani mfumo wa pamoja wa kutaja leseni za programu, mmoja ukianza na SPDX-FileCopyrightText na kutaja mwenye haki, na mwingine ukianza na SPDX-License-Identifier na kutaja leseni kwa kifupisho kinachotambulika popote. Picha, ambayo haiwezi kuandikwa maneno ndani yake, huwekewa kando faili yenye jina lilelile na kiishio cha .license, na matini kamili za leseni zote hukusanywa katika folda moja iitwayo LICENSES. Tangu toleo la 3.2 la kanuni zake, lililotoka mwaka 2024, mtu anaweza pia kutumia faili ya REUSE.toml kutangaza leseni ya folda nzima kwa mistari michache.

Amri ninayoithamini kuliko zote ni reuse lint. Inapita katika mradi wote na kutaja kwa jina kila faili isiyo na maelezo, kila leseni iliyotajwa bila matini yake kuwepo, na hata matini iliyohifadhiwa ambayo hakuna faili inayoihitaji. Matini zinazokosekana huletwa kwa amri moja tu, reuse download --all. Tuliiunganisha na mfumo wetu wa majaribio, na tangu hapo hakuna faili mpya inayoingia bila kujulikana ni ya nani.

Hata hivyo, REUSE husoma alama ulizoandika wewe mwenyewe, nayo huziamini. Hapo ndipo inapotofautiana na ScanCode au FOSSology, ambazo huchambua maandishi yaliyomo ndani ya faili ili kutambua leseni. Sisi tulijifunza tofauti hiyo kwa uchungu. Katika wiki ya kwanza tulitumia amri ya reuse annotate kuweka jina letu na leseni yetu kwenye folda nzima, tukasahau kwamba ndani yake mlikuwa na faili mbili tulizozinakili zamani kutoka mradi wenye leseni ya BSD ya vifungu vitatu. Ukaguzi ukatupongeza. Tukatoa toleo jipya kwa wateja, na baada ya muda mwandishi wa faili hizo akatuandikia, kwa upole ambao hatukuustahili, akiuliza jina lake limekwenda wapi. Leseni yake inaruhusu karibu kila kitu, ila inadai kwamba anayesambaza programu iliyo tayari kuendeshwa aambatishe tangazo la hakimiliki, masharti na kanusho katika hati zake. Tulimwomba radhi na kutoa toleo lililosahihishwa, lakini makosa yalikuwa yetu.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi, nami naona watumiaji wengi hawautambui. REUSE haigusi faili ambazo Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, imeambiwa izipuuze, na kwa kawaida huruka pia moduli ndogo, yaani miradi mingine iliyounganishwa ndani ya mradi wako kupitia Git. Maana yake ni kwamba maktaba, yaani msimbo wa watu wengine unaotegemewa na programu yako, zinazopakuliwa wakati wa kuijenga, ambazo mara nyingi ndizo sehemu kubwa ya kile anachopokea mteja, hazikaguliwi kabisa. Vilevile haikuambii kama leseni mbili zinaweza kukaa pamoja katika programu moja. Kwa hiyo pongezi zake zinahusu hazina ya msimbo, yaani folda ya mradi inayotunzwa na Git, wakati wajibu wa kisheria unahusu kifurushi kinachotoka mlangoni.

Wajibu huo una mambo ambayo hakuna chombo cha kuweka alama kitakachokufanyia. Ukiuza kifaa chenye programu iliyo chini ya leseni ya GPL toleo la 2, unapaswa kukiambatisha na msimbo chanzo wake, au hati ya ahadi ya kuutoa kwa yeyote atakayeuomba, ahadi ambayo lazima idumu kwa miaka 3 au zaidi. Leseni ya Apache 2.0 inataka matangazo ya waandishi yaliyomo katika faili ya NOTICE, kama ipo, yamfikie mpokeaji. GPL toleo la 3, la mwaka 2007, linampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 za kurekebisha baada ya kuarifiwa na mwenye haki, ilhali toleo la 2 linasema haki zako zinakoma papo hapo unapokiuka masharti.

Siku hizi tunaendesha REUSE kwa kila badiliko la msimbo, na kabla ya kila toleo tunachambua kifurushi chenyewe kwa ScanCode, kisha mtu mmoja anasoma matokeo yote mawili kwa macho yake. Katika mradi mpya ningeiweka REUSE siku ya kwanza, maana haichukui hata saa nzima. Katika mradi mkongwe wenye maelfu ya faili ningetanguliza folda zilizotoka kwa watu wengine, nikizifungua moja baada ya nyingine, na amri ya kuweka alama kwa pamoja ningeiacha hadi niwe nimemaliza hizo.