Uzoefu wangu na shafti ya moneli kwenye pampu ya maji ya bahari, Lindi

Wakuu habari za kazi. Naandika hii kwa wenzangu wenye mashamba ya chumvi huku kusini na yeyote anaevuta maji ya bahari kwa pampu, maana hela inayopotea kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha pampu, ni nyingi mno alafu kila mtu anaumia kimya kimya kwake.

Mimi nipo Lindi. Pampu yangu inafanya kazi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, inajaza bwawa la kwanza, yakija maji mafu, yale yasiyojaa sana, inakaa tu na maji yamelala ndani yake. Watu wengi wanajua shafti inaliwa pampu ikizunguka, kumbe hasa inaliwa pampu ikiwa imesimama. Chuma cha kawaida sina haja ya kukiongelea, msimu hauishi kimeshafumuka kutu. Stenlesi ndo inayodanganya watu, kwa nje inang'aa vizuri kabisa, ila ukitoa pakini, ile kamba inayobana shafti maji yasivuje, ukapitisha ukucha pale ilipokuwa inabana unakuta vishimo vidogo vidogo vimejipanga kuzunguka shafti. Stenlesi inajilinda na utando mwembamba sana ambao unahitaji oksijeni ili ujirudishie, na chini ya pakini maji yamelala, oksijeni imeisha, chumvi inautoboa utando na chuma kinaanza kuliwa. Vishimo vinakata pakini, pampu inaanza kutema maji, wewe unakaza nati, pakini inabana zaidi, shafti inakwisha haraka zaidi.

Jamaa mmoja aliewahi kufanya kazi kwenye mambo ya gesi huko Msimbati ndo alinitajia moneli. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya nikeli na shaba, nikeli si chini ya asilimia 63, shaba kati ya 28 na 34, na chuma na manganizi kidogo. Sio kitu kipya, ilipewa hataza Marekani mwaka 1906, na mwanzo walikua wanaiyeyusha moja kwa moja kutoka kwenye mawe ya Sudbury kule Kanada ambayo tayari yana nikeli na shaba kwa uwiano unaokaribiana na huo. Hadi leo inavishwa kwenye miguu ya mitambo ya mafuta baharini, pale mawimbi yanapopiga na kuacha, sehemu ambayo chuma kinaoza kuliko hata kile kilichozama moja kwa moja. Nikasema kama inakaa pale basi kwenye pampu yangu itakaa.

Kuipata ilikua kazi. Duka moja Dar nilipewa fimbo nikaambiwa ndo yenyewe, nikaipima palepale nikairudisha. Hapa sikilizeni vizuri. Moneli 400, ndo ile ya kawaida niliyoitaja, inashikwa na sumaku kidogo tu, na hiyo inategemea joto, ikipigwa na jua la kwetu sumaku inaweza isishike kabisa, ukiitumbukiza kwenye maji ya barafu ndo unaona inavuta. Kwahiyo sumaku peke yake haitoshi. Kipimo cha uhakika ni tone la asidi ya nitriki. Kwenye stenlesi tone linakaa hivyohivyo kama maji, kwenye moneli linachemka na kugeuka kijani cha bluu, alafu ukigusisha msumari safi wa chuma kwenye hilo tone msumari unapata rangi nyekundu ya shaba. Vaa glavu na miwani, usivute ule moshi, hiyo asidi haina utani. Fimbo niliyoirudisha ilikaa kimya, niliyoinunua mwisho ilifanya kijani mpaka fundi mwenyewe akashangaa.

Kukereza nako kuna namna yake na fundi asieijua atakuharibia mzigo. Moneli ukiikwanguakwangua juujuu inazidi kuwa ngumu pale ulipogusa, kwahiyo kisu kiwe kikali, mashine iende taratibu, kisu kizame kabisa chini ya ile sehemu iliyokaza na kisisitesite njiani. Fundi wangu wa Mtwara mjini alianza na mwendo wa stenlesi kisu kikafa hapohapo, alivyopunguza spidi na kuongeza mafuta ya kupozea ikatoka safi.

Sasa matokeo. Shafti imeshapita misimu, nimefungua, pale pakini inapobana pako laini, rangi tu imekua kahawia ya kijani. Kuna vishimo vya juujuu upande ambao chaza walishika, maana hata moneli kwenye maji yaliyolala inapata vishimo, ila tofauti na stenlesi vinaanza alafu vinapunguza mwendo vyenyewe, haviendi kutoboa. Bado naisafisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila maji mafu yakiingia, nawashauri wote mfanye hivyo.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi ni kwamba moneli inakula majirani zake. Ikikutana na chuma au aluminiamu ndani ya maji ya bahari, yenyewe inabaki salama na mwenzake ndo anaisha. Bolti za moneli kwenye flenji kubwa ya chuma hakuna shida, kwasababu flenji ni kubwa na bolti ni ndogo. Geuza, bolti za chuma kwenye kitu kikubwa cha moneli, zitayeyuka. Mwaka 1915 Wamarekani waliunda yoti inaitwa Sea Call, bodi ya moneli kwenye mbavu za chuma, ikabidi ivunjwe muda mfupi tu. Wenye boti msiisahau zinki, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe chenyewe badala ya chuma, na kwenye pampu weka pakini ya tefloni, ile yenye grafaiti hapana, grafaiti inaila hata moneli.

Bei ni mara kadhaa ya stenlesi, sitawaficha, na kununua pampu nzima ya moneli kwa shamba kama letu ni kutupa hela. Bodi ya chuma cha kalibu ni nene, acha iliwe taratibu. Weka hela kwenye shafti na slivu yake, lile bomba linaloivika shafti, impela, yale mapanga yanayosukuma maji, ya bronzi inatosha. Pia isiende kwenye kazi zenye asidi ya nitriki wala amonia, huko haina ubavu.

Sasa hivi natafuta K-500 kwa pampu ya pili ambayo ni kubwa, ile imeongezwa aluminiamu na titani kidogo na ikipashwa moto inavyotakiwa inakaribia mara mbili ya nguvu ya 400. Wauzaji wote niliowapata wananilazimisha fimbo nzima. Anaejua anaekata vipande, hata kama yuko Dar, aseme hapa.