RX-7 ipi ununue? Rota zipimwe uso kwa uso kwanza

Malalamiko ninayoletewa siku hizi ni ya aina moja. Msomaji kanunua RX-7, Mazda ya injini ya rota, kaambiwa "kompresheni iko safi", yaani injini bado inabana hewa vizuri, na picha ya geji ya kupimia kaonyeshwa. Siku ya jua kali anazima gari kituo cha mafuta, anawasha tena, stata inazunguka mpaka betri inalegea. Injini imekwisha, na ilikuwa imekwisha tangu siku aliyotoa hela.

Rangi, rimu na kilomita sizigusi hapa, hayo kila mnunuzi anayaangalia. Tuzungumzie hiyo geji.

Injini hii haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na kwenye kila pembe kuna sili nyembamba ya kuzuia presha isivuje, inayosugua ukuta wa chumba. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo gari zima lina vipimo sita. Geji ya kawaida ina kivali kinachoshika presha ya juu kuliko zote zilizopita. Uso mmoja ukiwa mzima na miwili imechoka, utasomewa ule mzima tu. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Dai kipimo cha kifaa cha rota chenyewe, kinachotoa namba tatu kwa kila rota pamoja na kasi ya stata, maana namba hizo hulinganishwa kwenye mizunguko 250 kwa dakika. Kifaa kikikosekana, fundi atoe kile kivali, mafuta yakatwe kwa kutoa fyuzi, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, injini ikiwa ya moto. Sasa tazama mshale: unatakiwa kuruka tatu-tatu kwa kimo kimoja. Ukiruka mmoja mrefu na miwili mifupi, sili moja imekufa, kwa sababu kila sili inatenganisha nyuso mbili. Aga, ondoka.

Mimi ni mtu wa Mazda na sifichi. Felix Wankel aliliendeleza wazo la injini hii kwenye kampuni ya NSU ya Ujerumani, Citroën nao wakajaribu wakaacha. Kule Hiroshima, Kenichi Yamamoto wa Mazda na wahandisi wake waling'ang'ana na hizo sili mpaka gari lao la Cosmo Sport likaingia sokoni mwaka 1967. Mwaka 1991 gari la mbio la Mazda 787B, la rota nne, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Kampuni iliyovumilia hivyo inastahili hela yangu.

Namba moja kwangu ni FD3S, RX-7 ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002. Tabo zake mbili, yaani vifaa vinavyosukumia injini hewa zaidi, hupokezana, ya pili ikiingia karibu na mizunguko 4,500. Raha yake haielezeki, ila inategemea mipira mingi ya vakyumu inayokakamaa kwa joto. Mmoja ukipasuka, tabo ya pili huisikii. Kagua pia kile kitangi cha plastiki cha kutoa hewa kwenye maji ya kupoozea, kwani kikipasuka injini inachemka na sili za maji zinaungua. Ukiweza, chukua za 1999 kuendelea, zile zenye nguvu za farasi 280 badala ya 255 za mwanzo.

Namba mbili ni FC3S, kizazi cha pili, ya 1985 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ya tabo ina tabo moja tu, farasi 185 kisha 205 kuanzia 1989, na mkono wa fundi unapita chini ya boneti bila kuchubuka. Ya tatu ni SA22C, kizazi cha kwanza, ya 1978: nyepesi, kama tani moja hivi, lakini chungulia kutu kwanza.

RX-8, iliyofuata baada ya RX-7, ni ya bei nafuu, lakini injini yake inatia shaka: Mazda wenyewe waliongeza waranti ya injini za mwanzo huko Marekani hadi miaka 8 au maili 100,000. Ukilazimika, tafuta za 2008 kuendelea.

Kinachoniudhi ni bei. Sheria ya Marekani inayoruhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 25 imefungulia FD mlango, mnada wa Japani umepanda, na sisi tunalipia. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Tanzania linaingia na ushuru wa uchakavu juu yake. Halafu muuzaji anaongeza bei kwa neno moja, "imefanyiwa ovahoo", yaani injini imefunguliwa na kutengenezwa upya, bila risiti. Ovahoo ipi? Nyumba za rota, yaani kuta za chumba zilizopakwa kromu, zilibadilishwa, au sili mpya ziliwekwa juu ya kromu iliyobanduka? Mwulize hivyo uone atakavyobadilisha mada. Na karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani isikutulize, gredi yake haikupi namba za rota. Wakala anayekuagizia gari akisema kipimo kitachelewesha meli, tafuta wakala mwingine.