Tooth Slooth: kinasaka kilele chenye ufa, hakipimi kina chake

Mgonjwa akisema jino linamchoma pale anapoachia kung'ata, na kwamba maji baridi humshtua, ufa ndio wa kushukiwa kwanza. Kazi huwa ni kulipata jino lenyewe, maana mara nyingi hawezi hata kusema kama ni la juu au la chini. Eksirei haisaidii sana: nyufa nyingi za magego hukata kutoka mbele kwenda nyuma, na miale ikipiga kutokea shavuni ufa hauonekani.

Tooth Slooth ni kijiti cha plastiki ngumu chenye kichwa cha piramidi. Kileleni pana kibonyeo kidogo kinachokaa juu ya kilele kimoja cha gego, yaani nundu mojawapo ya uso wake wa kutafunia, na kitako kipana hupokea meno ya taya nyingine. Nguvu ya kung'ata inakusanyika kwenye kilele kimoja, upande wa pili inasambaa. Pamba iliyoviringishwa na kijiti cha mbao hubana vilele kadhaa kwa pamoja. Utajua jino linauma, hutajua wapi. Kwa hilo tu kifaa hiki kinastahili nafasi kwenye trei.

Usipige ganzi kabla ya kupima. Anza na jino zima la upande wa pili wa kinywa ili mgonjwa ajue hali ya kawaida. Kisha weka kibonyeo kwenye kilele, ang'ate polepole hadi kikaze, ashikilie sekunde chache, aachie ghafla. Pima kila kilele cha jino unaloshuku, jino la mbele yake, la nyuma yake, na yale ya taya nyingine. Andika kilele kilichouma na kama maumivu yalikuja wakati wa kung'ata au wa kuachia. Yale ya kuachia hutokana na vipande vya jino vilivyofunguka kurudiana ghafla na kusukuma majimaji yaliyomo kwenye vijibomba vya dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ganda gumu la nje.

Majibu ya uongo karibu yote ni ya mkono wa mpimaji. Kibonyeo kikiteleza hadi kwenye bonde kati ya vilele, kijiti kinageuka kabari. Mgonjwa akiambiwa ang'ate kwa nguvu zote, kilele kilicholegea kinaweza kukatika papo hapo. Na maumivu ya kubana peke yake, bila ya kuachia, yanaweza kuwa ya kijazio kilichozidi urefu au uvimbe kwenye ncha ya mzizi. Gonga jino na ukague mng'ato kabla ya kusema ni ufa.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba hakipimi kina, na kina ndicho kinachoamua matibabu. Toa kijazio cha zamani, kausha, paka rangi ya bluu ya methilini, kisha angaza kwa taa nyembamba. Mwanga ukikatika kwenye mstari, ufa umeingia dentini; ukipita jino zima, huenda ni mikwaruzo ya enameli tu, isiyohitaji kuguswa. Pitisha kipimo cha fizi, kijiti chembamba chenye alama za kina, kidogo kidogo kati ya fizi na jino kulizunguka: shimo jembamba lenye kina mahali pamoja ni dalili mbaya, kwa sababu ufa huenda umeshuka kwenye mzizi.

Kijiti hurudi kazini wakati wa kutibu. Kiini, sehemu hai ya ndani yenye neva, kikijibu baridi kwa mshtuko mfupi unaokwisha mara moja, punguza mng'ato, funga jino kwa bendi ya chuma au krauni (kofia ya jino) ya muda, na upime tena baada ya wiki mbili hadi nne. Kilele kilichokuwa kinauma kikinyamaza, weka krauni inayofunika vilele vyote. Kijazio cha kawaida hakizuii vipande kufunguka. Maumivu ya baridi yanayodumu, au yanayoamsha mgonjwa usiku, yanataka matibabu ya mzizi kwanza. Vipande vikitikisika kila kimoja kivyake, jino limepasuka kabisa na kwa kawaida hung'olewa.

Kwa jino ambalo kiini chake kimekufa au kimeshatolewa, usitegemee mshtuko ule wa kuachia; hapo kipimo cha fizi na darubini vina maneno zaidi. Kijiti husafishwa kwa mashine ya mvuke baada ya kila mgonjwa, na kibonyeo kikilika hadi kinateleza, kitupwe.