Silinda ya Ndege Ndogo: Ipi Ununue, Ipi Uachane Nayo

Kabla ya kuulizia bei, hakikisha silinda ya injini yako imekufa kweli. Fundi akipima kompresheni akapata 58 kwa 80, yaani anapuliza upepo wa shinikizo la 80 ndani ya silinda na inashika 58 tu, wenye ndege wengi hushtuka na kuagiza siku hiyo hiyo. Kwa injini za Continental namba hiyo peke yake haitoshi. Mtengenezaji anataka isomwe pamoja na kifaa chake cha kulinganishia, na kamera ndogo ipitishwe tundu la plagi ikaangalie valvu na kuta.

Halafu tega sikio upepo huo wa kipimo unavujia wapi. Ukisikika kwenye bomba la ekzosi, valvu haikai sawasawa, na mara nyingine husagwa ikakaa bila silinda kutolewa. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni au ukuta wa pipa. Lakini ukipaka maji ya sabuni pale kichwa cha alumini kinapoungana na pipa la chuma, mapovu yakatoka, hakuna mjadala. Hiyo ing'olewe.

Njia nne za kupata silinda nzima nimezipanga kwa kipimo kimoja, nacho ni umri wa kichwa. Pipa linaweza kuchongwa au kupakwa madini upya. Alumini ya kichwa huchoka kila injini inapopata moto na kupoa, na uchovu huo haufutwi na rangi.

1. Mpya kabisa. Kwa Cessna 206 inayobeba watalii kwenda viwanja vya mbugani, sioni sababu ya kuhangaika na kingine. Chagua ya kiwanda chenyewe, Continental au Lycoming, au ya kampuni ya Superior, ambayo si mtengenezaji wa injini yako lakini ina kibali cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, cha kutengeneza spea hiyo. Kibali hicho kinaitwa PMA na wapo wanaokidharau bila sababu. Wapo pia wanaokiamini kupita kiasi: mwaka 2016 FAA iliagiza baadhi ya silinda za kampuni ya ECi za injini za Continental za familia ya 520 na 550 ziondolewe, kwa kuwa vichwa vilikuwa vinapasuka na kuachana na pipa. ECi ilikuwa na kibali vilevile. Kwa hiyo ukiuziwa "mpya, imekaa stoo tu", soma namba zake na uzilinganishe na maagizo ya usalama kabla hujatoa hata senti.

2. Yako mwenyewe, ikarabatiwe. Hii naiweka juu kuliko wengi wanavyoiweka, kwa sharti kwamba haijawahi kukarabatiwa na saa zake zote zimo kwenye kitabu cha injini. Unajua imelelewaje. Karakana itaikagua nyufa, ibadilishe bushi za valvu, kisha ikuulize unataka pipa gani. Ndege inayolala Mafia, Pemba au Mombasa na kuruka mara chache huliwa na kutu ndani ya pipa la chuma tupu. Hapo pipa lililopakwa kromu linasaidia sana. Gharama yake ni kwamba ringi huchukua muda mrefu kukaa na oili huliwa zaidi. Pipa la kromu hutiwa alama ya rangi ya chungwa, na ringi za kromu haziingii humo kamwe.

3. Ya kubadilishana. Unapewa ya mtu iliyokarabatiwa, unarudisha yako. Ni ya haraka, ila tangazo litakuambia "saa sifuri tangu ukarabati" na kunyamaza kuhusu saa zote za kichwa. Uliza. Wasipojua, shusha bei au ondoka. Uliza pia nani analipia kusafirisha kuukuu kuirudisha Marekani, maana chuma hicho ni kizito.

4. Mtumba kutoka ndege iliyochinjwa. Sinunui.

Ukishaamua, nakili jina la injini mpaka herufi ya mwisho. IO-360 ya Cessna 172S na IO-360 ya nguvu farasi 200 hazitumii silinda moja, ingawa tarakimu zinafanana. Kwa spea ya Marekani dai fomu 8130-3, cheti cha FAA kinachothibitisha kuwa spea inafaa kufungwa kwenye ndege. Bila karatasi ya namna hiyo, mkaguzi wa TCAA au KCAA, mamlaka za anga za Tanzania na Kenya, ana haki ya kukukatalia.

Kwenye kufunga, simama karibu na fundi. Rangi ikiachwa kwenye kitako cha silinda, chini ya nati, husagika injini ikipata moto na nati zinalegea, na silinda zimewahi kung'oka hewani kwa nati zisizokazwa inavyotakiwa. Propela nayo isizungushwe wakati boliti ndefu zimelegezwa, beringi za ndani zitahama.

Safari za kwanza tumia oili ya madini isiyo na viongezo, kama kitabu cha injini yako hakisemi vinginevyo. Usiikalishe injini chini ikinguruma. Ondoka, shika nguvu ya asilimia 75 na uiache hapo, ukiangalia joto la vichwa. Matumizi ya oili yakitulia, ringi zimekaa, na unaweza kurudi kwenye oili yako ya kawaida.